MAELEZO KUHUSU UPIMAJI WA KURASA ZA TOVUTI KWA KIVINJARI CHA MWIGO

Huduma kadhaa zilizokuwa zikiombwa dirishani sasa huombwa kwa fomu za tovuti. Fomu ikiwa na kasoro, mwananchi wa kisiwani hupoteza nauli ya boti na siku ya kazi kwa kufuatilia ofisini jambo alilodhani limekwisha. Maelezo haya yanakusudia kuwafahamisha watumishi wa umma na wananchi njia moja ya kuzipima kurasa hizo kabla hazijatumika, pamoja na mipaka yake.

Kivinjari cha mwigo ni programu inayotenda baadhi ya kazi za kivinjari pasipo kuonyesha chochote kwenye kioo. Mfano unaojulikana sana ni jsdom, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Elijah Insua, nayo huendeshwa ndani ya Node.js. Programu hiyo huusoma ukurasa na kuupanga kama mti: fomu ni tawi, na nafasi za kujazia pamoja na vitufe ni vitawi vyake. Msimbo wa ukurasa huugusa mti huo kana kwamba umo ndani ya kivinjari halisi.

Ichukuliwe fomu ya kuombea cheti cha kuzaliwa. Mpimaji huandika amri za kuacha wazi nafasi ya jina la mtoto, kubonyeza kitufe cha kutuma, kisha kuangalia kama onyo limetokea. Majaribio mengi ya namna hiyo hukamilika kwa muda mfupi, na yaweza kurudiwa kila msimbo unapobadilishwa. Kasoro hugunduliwa mapema, kabla haijamfikia mwombaji.

Hata hivyo, jsdom haiuchori ukurasa. Vipimo vya mahali na ukubwa wa kila kitu hutolewa kuwa sifuri. Kwa sababu hiyo, kitufe kilichofunikwa na picha, au kilichotoka nje ya kioo cha simu, hubonyezeka katika jaribio kwa kuwa kimo ndani ya mti, ilhali mwananchi hatakiona. Vilevile, programu hiyo haifuati kiungo kwenda ukurasa mwingine.

Kwa hiyo, mkuu wa kitengo anayepokea taarifa kwamba majaribio yote yamefaulu anashauriwa kuuliza yamefanyika wapi, na kuhakikisha kuwa:

(a) mwigo unatumika kupima kanuni za fomu, si mwonekano wake;

(b) ukurasa umepimwa pia katika vivinjari halisi, ikiwa ni pamoja na vya simu ndogo, kabla ya kufunguliwa;

(c) taarifa halisi za wananchi hazitumiki katika majaribio;

(d) msimbo usioaminika hautekelezwi ndani ya jsdom, kwani unaweza kuifikia kompyuta yenyewe.

Mwananchi atakayekuta fomu haifanyi kazi anaombwa kuiarifu ofisi inayohusika, akitaja aina ya simu au kompyuta na kivinjari alichotumia, ili kasoro hiyo iweze kutafutwa mahali ilipotokea.