Mwaka 1822: Siasa ya Uingereza na Mstari Uliochorwa Baharini

Katika historia ya Uingereza, mwaka 1822 hukumbukwa zaidi kwa mabadiliko ya uongozi wa sera za nje. Tarehe 12 Agosti, Lord Castlereagh, Waziri wa Mambo ya Nje, alijiua. Mwezi uliofuata George Canning alishika nafasi yake. Mwezi huohuo wa Septemba, mbali na London, Kapteni Fairfax Moresby alifunga mkataba na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Makala haya yanadai kwamba mkataba huo ulimzuia mnunuzi mmoja bila kuigusa biashara yenyewe ya watumwa.

Chimbuko lake ni sheria ya 1807, iliyowakataza raia wa Uingereza kufanya biashara hiyo. Kisiwa cha Mauritius, kilichotwaliwa kutoka kwa Wafaransa mwaka 1810, kiliendelea kupokea watumwa kwa magendo. Kwa hiyo gavana wake, Robert Farquhar, alimtuma Moresby kwa Sayyid.

Mkataba uliwakataza raia wa Sayyid kuwauzia Wakristo watumwa. Vilevile ulichora mstari kutoka Rasi Delgado, ukapita maili 60 mashariki ya Sokotra, hadi Diu nchini India. Chombo cha raia hao kilichokutwa na watumwa mashariki ya mstari kiliweza kukamatwa na manowari za Uingereza. Magharibi yake, safari za kutoka Kilwa hadi Zanzibar, na kutoka Zanzibar hadi Arabuni, zilibaki halali.

Matokeo yalifuata mantiki hiyo. Mwanahistoria Abdul Sheriff ameonyesha kwamba kubanwa kwa soko la nje kulichangia kuielekeza nguvukazi ya watumwa kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Mtumwa hakuachwa huru, alibadilishiwa shamba. Ilihitajika mikataba mingine, wa 1845 na wa 1873, ndipo Sayyid Barghash akaipiga marufuku biashara ya baharini na kuyafunga masoko yake. Miaka 51 ilikuwa imepita.

Kwa washauri wa sera wa ukanda wa Rwenzori, suala hili halijapitwa na wakati. Mwaka 2022, miaka 200 baada ya mkataba wa Moresby, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hivyo mpaka wa Mpondwe, jirani na Bwera, ukawa mpaka wa ndani ya Jumuiya. Kanuni zinazotungwa kwa ajili ya mpaka kama huo zinapaswa kupimwa kwa swali ambalo mkataba wa 1822 haukulijibu: je, zinakomesha tendo ovu, au zinalihamishia upande ambao sheria haiutazami?