Vidonge viwili vya akiba



Mwezi uliopita mtoto mmoja wa darasa langu la tatu alikosa shule siku sita. Nilipoenda kwao nilimkuta amelala kwenye mkeka, ana homa, tumbo linamuuma. Mama yake akanionyesha kikaratasi chenye vidonge viwili vya siprofloxasini. Alinunua vinne sokoni, maana pesa ilitosha vinne tu. "Mwalimu, nilimupatia viwili, homa ikashuka. Nikasema hivi vingine niweke, mudogo wake akigonjwa atakunywa."

Sikuweza kumlaumu. Mimi mwenyewe mwaka juzi nilikunywa nusu ya dozi, iliyobaki nikampa jirani, na nikajiona mtu mwema kabisa.

Hospitalini walisema ni tifoidi. Ugonjwa huu unaletwa na kijidudu kimoja cha jamii ya Salmonela, kinachotoka katika choo cha mtu na kurudi mdomoni kwa maji, mikono au chakula. Salmonela wengine wanakaa katika kuku, mayai na nyama, na wao huleta kuhara na kutapika.

Wengi tunasema, "Dawa hii hainiwezi tena, mwili wangu umeizoea." Hapana. Mwili hauzoei. Ni vijidudu ndivyo vinavyozoea. Ukimeza dawa kidogo, vile dhaifu vinakufa na homa inashuka. Vile vyenye nguvu vinabaki, vinazaana, na mtoto akienda chooni vinatoka naye. Jirani akivipata, anaanza ugonjwa na vijidudu ambavyo tayari ni sugu, hata kama yeye hajawahi kumeza kidonge kimoja.

Wengi wetu tulioingia Uganda kwa Kasindi na Mpondwe tulipita wilaya ya Kasese. Huko tifoidi ilianza mwishoni mwa 2007 ikaendelea hadi 2009 na zaidi. Watu zaidi ya 200 walitoboka utumbo, na zaidi ya 40 walikufa. Utumbo ukitoboka, uchafu unamwagika ndani ya tumbo, na kinachobaki ni kupasuliwa haraka. Katika mlipuko huo wa Kasese na Bundibugyo, vijidudu vingi vilishinda dawa za zamani: ampisilini, kloramfenikoli na Septrin. Siprofloxasini ilikuwa bado inasaidia. Lakini Harare, Zimbabwe, mwaka 2018, tifoidi ilishinda hata hiyo. Na Pakistani, tangu 2016, kuna tifoidi ambayo dawa za kumeza zinazoiweza karibu zimebaki moja, azithromaisini. Kwetu Kongo pia kuna Salmonela mwingine anayeingia katika damu ya watoto wadogo, hasa wenye malaria, upungufu wa damu au utapiamlo, na waganga wameshamkuta akiwa sugu kwa dawa nyingi.

Sasa jambo linaloshangaza wazazi wengi: mtoto anayehara tu, bila homa kali wala damu, kwa kawaida hahitaji antibiotiki. Anahitaji maji ya ORS na vidonge vya zinki siku 10 hadi 14, na aendelee kunyonya na kula. Akiwa na damu kwenye choo, homa isiyoshuka, macho yameingia ndani, au hawezi kunywa, mkimbize hospitali hata kama ni usiku. Na mkipewa dawa huko, mpeni kwa siku zote mlizoambiwa.

Muwe macho pia na kile kipimo cha damu cha madukani, Widal, kinachotoa jibu upesi. Mara nyingi kinadanganya. Kinaweza kusema una tifoidi kumbe ni malaria, nawe ukanunua antibiotiki bure. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara kwa siku kadhaa, lakini si kila kituo kinaweza.

Kuhusu chakula, najua kuni ni shida, hata kwangu. Lakini Salmonela hufa kwa moto. Maharage yakilala sufuriani, asubuhi yachemke mpaka katikati, si kupashwa juu juu. Chakula kilichoiva kisikae zaidi ya saa mbili nje bila moto. Kisu kilichokata kuku mbichi kisikate nyanya kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Na ninyi wenye kuku, ile tabia ya kufungua tetrasaiklini na kuimwaga katika maji yao kila wiki eti wasiugue, tuiache. Vijidudu vya kuku vinazoea dawa, halafu tunavila kwenye yai lisiloiva.

Yule mtoto alibadilishiwa dawa, akalazwa siku nane. Amerudi darasani Jumatatu, amekonda, kalamu inamtetemeka mkononi, lakini hesabu zake amepata zote. Vile vidonge viwili mama yake alivipeleka kwa muuguzi. Mdogo mtu hajaugua.