Leseni ya Kampuni, Cheti cha Opareta

Mvua ya masika ikichachamaa Cherangani na Mlima Elgon, mto Nzoia huweza kubadilika rangi kati ya jioni na asubuhi. Maji yanaingia mtamboni yamejaa tope. Kampuni ya Maji ya Nzoia iliundwa kuhudumia Kitale, Bungoma, Webuye na Kimilili, na kama ilivyo kampuni yoyote ya maji nchini Kenya, usiku wa manane mhandisi amelala. Valvu iko mikononi mwa opareta wa zamu.

Sheria ya Maji ya 2016 inaitaka kampuni iwe na leseni, chini ya bodi ya udhibiti, WASREB. Opareta mwenyewe hutafuta karatasi zake. Marekani ni tofauti: baada ya sheria ya maji ya kunywa kurekebishwa mwaka 1996, majimbo yalitakiwa kuwatahini waendeshaji mmoja mmoja. Kwetu, mlango mkuu ni Taasisi ya Maji ya Kenya, KEWI, yenye makao Nairobi, inayotoa astashahada na stashahada. Aliyejifunzia kazini huweza kufanya majaribio ya ufundi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, kuanzia gredi III hadi I. Lakini tahadhari: fundi bomba wa gredi I huunga bomba lisivuje tone, na bado cheti chake hakisemi lolote kuhusu klorini.

Ningekuwa mtahini, ningempa opareta majagi sita ya maji machafu ya mto. Kila jagi atie shabu kwa kipimo tofauti, akoroge kwa kasi dakika moja, kisha polepole robo saa au zaidi, mpaka tope lishikane vibonge. Ayaache yatulie. Jibu ni lile jagi lililong'aa kwa shabu kidogo kuliko mengine. Akikosea hapa, machujio yataziba, na tope litakalopenya litavificha vijidudu klorini isivifikie.

Kisha hesabu. Mtambo unapitisha mita za ujazo 100 kwa saa, na unahitaji miligramu 2 za klorini kwa lita: hiyo ni gramu 200 kila saa. Unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 utapimwa gramu 308 hivi, wala si 200. Na unga uliokaa stoo yenye joto hupungua nguvu, jambo ambalo lebo haikwambii.

Majitaka hayapewi heshima inayopewa maji ya kunywa, na ni kosa. Kwenye mabwawa ya kusafisha, opareta hufyeka nyasi, huondoa ukoko unaoelea na huangalia tope lisijae chini. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitaka maji yanayorudishwa mtoni yasizidi miligramu 30 za BOD kwa lita, yaani oksijeni ambayo uchafu uliobaki utaila. Kitale imo katika bonde la Nzoia, na Webuye, kule chini, huteka maji kutoka mto huohuo.