Saa ya Kunyunyizia Dawa na Uhai wa Nyuki

Ua la pamba hufunguka asubuhi, na nyuki huliwahi. Mkulima wa Busawe, wilayani Serengeti, anayebeba bomba la dawa ya wadudu saa 3 asubuhi huwakuta nyuki kazini. Akingoja hadi saa 12 jioni, wengi wao huwa wamekwisha kurudi mzingani. Saa hizo chache zaweza kuamua iwapo mzinga utatoa asali au utabaki mtupu.

Hata hivyo, jambo hili halihusu kukutana na sumu tu. Mwili wa nyuki, kama wa binadamu, una saa ya ndani inayoongoza usingizi, ulaji na utendaji wa vimeng'enya vinavyovunja sumu. Uchunguzi wa saa hiyo katika inzi wa matunda uliwapatia Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobeli ya Tiba mwaka 2017. Kwa kuwa vimeng'enya hivyo havifanyi kazi kwa kiwango kimoja usiku na mchana, kipimo kilekile cha sumu chaweza kuua nyuki wengi saa fulani na wachache saa nyingine. Saa ya hatari hutegemea aina ya sumu. Mabadiliko kama hayo yameonekana pia kwa mbu Anopheles gambiae, aenezaye malaria.

Kwa hiyo, kunyunyizia jioni hupunguza madhara, lakini hakuyaondoi. Baadhi ya sumu hubaki juu ya maua na majani hadi asubuhi, hata kwa siku kadhaa. Ni bora kutonyunyizia mimea iliyochanua, kusoma maelezo ya kibandiko, na kumwarifu mapema jirani mwenye mizinga.

Mhudumu wa afya naye ana funzo hapa. Sumu za kundi la organofosfeti huzuia kimeng'enya kilekile cha mishipa ya fahamu kwa nyuki na kwa binadamu. Mgonjwa anayetokwa na mate na jasho jingi, anayetapika, mwenye mboni zilizosinyaa na misuli inayotetemeka, aulizwe alitumia dawa gani na saa ngapi. Anayemhudumia avae glavu, amvue nguo zilizolowa, amwoshe kwa maji na sabuni, na ahakikishe anafikishwa hospitali haraka pamoja na kibandiko cha dawa.

Nyuki wengi wakikutwa wamekufa mbele ya mzinga, wenye nyumba nao wajihadhari: huenda sumu imepita karibu.