Barafu ya Ruwenzori

Mtu akisimama Beni asubuhi na mapema, baada ya usiku wa mvua, akatazama upande wa mashariki, huenda akaona milima mirefu yenye weupe juu yake. Mgeni hufikiri kwamba ni wingu. Lakini wingu husogea, na weupe ule hukaa pale pale. Hiyo ni theluji na barafu. Milima hiyo ni Ruwenzori. Wanande na Wakonzo, ambao ni ndugu waliotenganishwa na mpaka, waliijua barafu hiyo tangu zamani, nao huiita nzururu.

Je, barafu imefikaje hapa? Ikweta hupita kusini kidogo ya Butembo, na kila mwanafunzi amefundishwa kwamba nchi za ikweta ni za joto. Barafu nyingi ya dunia iko mbali sana na hapa, kwenye Ncha ya Kaskazini na Ncha ya Kusini. Huko jua halipandi juu ya kichwa. Hupita chini, kando ya mbingu, na kwa miezi mingi ya mwaka halionekani kabisa. Ruwenzori baridi yake inatoka kwingine: inatoka katika urefu. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua karibu digrii 6. Beni iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari. Kilele cha juu cha Ruwenzori, kiitwacho Margherita, kina mita 5,109. Ondoa 1,200 katika 5,109, kisha fanya hesabu mwenyewe: joto limepungua digrii 23. Beni pakiwa na digrii 24, huko juu imebaki digrii 1 tu, na usiku maji huganda. Theluji ikianguka, haiyeyuki yote. Nyingine huanguka juu yake na kuishindilia, mpaka ile ya chini inakuwa ngumu kama jiwe.

Mtu mmoja alizijua barafu zote mbili, ile ya Kaskazini na hii ya kwetu. Jina lake Luigi Amedeo, mjukuu wa mfalme wa Italia. Mwaka 1899 alisafiri kwa merikebu yake, Stella Polare, kwenda bahari ya Kaskazini. Barafu ikaibana merikebu, ikatoboa ubavu wake, na mabaharia wakalazimika kukaa nchi kavu katika mahema wakati wote wa giza. Baridi iliumiza mkono wa Luigi hata akakatwa sehemu za vidole viwili. Kwa hiyo hakuweza kuendelea. Alimtuma rafiki yake, Umberto Cagni, pamoja na wenzake na mbwa wa kuvuta magari yasiyo na magurudumu, yanayoteleza juu ya theluji. Cagni alitembea siku 104, kwenda na kurudi. Chakula kilikwisha, wakala mbwa wao. Walifika mahali ambapo hakuna mtu aliyepata kufika kabla yao, lakini Ncha yenyewe hawakuiona. Kilomita karibu 380 zilikuwa zimebaki. Watu watatu walipotea katika barafu ile, na hawakuonekana tena.

Mtu mwingine angekaa nyumbani. Luigi, baada ya miaka michache, alikuja Afrika. Bwana Stanley alikuwa ameiona theluji ya Ruwenzori mwaka 1888, na baada yake wengi walijaribu kupanda, wakashindwa na ukungu na matope. Luigi alitoka upande wa Uganda, na Cagni alikuwa naye tena katika safari hiyo. Wakonzo ndio waliobeba mizigo huko juu, kwa maana walizoea baridi ya mlima wao. Tarehe 18 Juni 1906 Luigi alifika kileleni katikati ya ukungu. Kilele akakipa jina la malkia wa Italia. Vitabu vingi humtaja yeye, na majina ya wapagazi huwezi kuyakuta humo.

Siku hizi wasafiri huenda kwenye nchi ya barafu ya Kusini kwa merikebu kutoka Ushuaia, mji wa Argentina. Bahari ile ina mawimbi makubwa, na kuivuka huchukua siku mbili hivi. Kabla ya kushuka huosha viatu vyao, wasije wakapeleka mbegu za mimea ya kigeni. Watu zaidi ya 100 hawateremki pamoja mahali pamoja. Safari hiyo hugharimu fedha nyingi sana.

Njia ya Ruwenzori kwa upande wa Kongo huanzia Mutwanga. Hupita katika mashamba ya kahawa na ndizi, kisha msitu, kisha mianzi, kisha mimea ya ajabu iliyo mirefu kupita mtu, mpaka vibanda vya Mahangu na Kiondo, na mwisho barafu. Vita vimeifunga njia hiyo mara nyingi.

Nayo barafu inapungua. Mwaka 1906 ilikuwa kwenye milima sita ya Ruwenzori, na yote pamoja ilipata kilomita za mraba 7 na nusu hivi. Miaka mia moja baadaye ilibaki katika milima mitatu, haifiki kilomita za mraba 2. Sasa karibu yote iliyobaki iko juu ya mlima Stanley. Moshi wa makaa ya mawe na wa petroli umeongeza joto la hewa ya dunia nzima, na mlima hauna mahali pengine pa kwenda. Mito haitakauka kwa sababu hiyo, maana maji ya Butahu na ya Semliki hutoka zaidi katika mvua. Wazee wa Kikonzo, hata hivyo, wana huzuni nyingine: walifundishwa na baba zao kwamba Kitasamba, mkubwa wa mlima, hukaa ndani ya theluji ile.

Pamoja na Luigi alikuwako mpiga picha, Vittorio Sella. Picha zake za mwaka 1906 zimehifadhiwa, na zinaonyesha barafu nene mahali ambapo leo kuna mawe matupu. Aliye Beni naye ana nafasi ya kuangalia, lakini aamke mapema, maana jua likipanda mawingu hufunika mlima wote.