Polisakaridi za Tunda la Foshou: Zinavyopatikana na Zinavyopimwa

Foshou ni tunda la jamii ya malimau, Citrus medica aina ya sarcodactylis. Umbo lake hufanana na kiganja chenye vidole, na jina lake la Kichina maana yake ni “mkono wa Buddha”. Hulimwa katika majimbo ya China kama Sichuan, Guangdong na Zhejiang. Karibu lote ni ganda na nyama nyeupe. Katika tiba ya jadi ya China, vipande vyake vilivyokaushwa hutumika kutuliza tumbo kujaa, kichefuchefu na kikohozi chenye makohozi.

Miongoni mwa viambato vinavyochunguzwa ni polisakaridi, yaani minyororo mirefu ya sukari. Ili kuzipata, tunda lililokaushwa husagwa, kisha unga huoshwa kwa alkoholi ili kuondoa mafuta, rangi na sukari ndogo. Baadaye unga huchemshwa katika maji, ambamo polisakaridi huyeyuka. Joto likizidi au muda ukirefuka mno, minyororo hiyo hukatika. Maji huchujwa na kupunguzwa, kisha huongezwa alkoholi nyingi. Polisakaridi, zisizoyeyuka katika alkoholi, hutuama. Hatimaye protini huondolewa na mashapo hukaushwa.

Uwezo wa kuzuia uharibifu wa oksijeni hupimwa kwa kemikali ya zambarau iitwayo DPPH, ambayo rangi yake hufifia kuelekea njano inapokutana na antioksidanti. Hapa ndipo penye mtego: ganda la foshou lina pia fenoli, ambazo ni antioksidanti zenye nguvu. Zikibaki zimeshikamana na polisakaridi, sifa yaweza kupewa asiyestahili. Kwa hiyo usafi wa sampuli hupimwa kabla ya matokeo kuaminiwa.

Hata sampuli safi haitoshi kuthibitisha tiba. Polisakaridi nyingi za mimea hazimeng’enywi katika utumbo mwembamba. Huvunjwa na bakteria wa utumbo mpana. Kilichotokea ndani ya chupa ya maabara si lazima kitokee katika damu ya mgonjwa. Aidha, chai ya foshou ni mchanganyiko wa viambato vingi, si polisakaridi zilizosafishwa.

Mhudumu wa afya amwulize mgonjwa, pasipo kumkemea, dawa za mitishamba anazotumia. Naye mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu asiache dawa alizoandikiwa kwa sababu ya neno “antioksidanti” lililochapishwa kwenye pakiti.