Sahani Iliyorudi na Kawa Lake

Wahenga walinena kwamba jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Hawakutuambia, hata hivyo, tumfanyeje jirani tusiyempenda. Hilo nilifunzwa na sahani ya kaimati, nami naliandika leo ili nawe, ndugu msomaji, ulipime.

Tulipanga Majengo, Mombasa, katika nyumba ya Kiswahili kama uzijuavyo: vyumba sita, ukumbi katikati, na uani mfereji mmoja, choo kimoja na jiko moja. Nyumba kama hiyo haina siri. Kikohozi cha chumba cha kwanza husikika chumba cha sita.

Mwanzo wa mwaka wa 2010 alihamia kijana mmoja, mshonaji wa nguo za maharusi. Februari zikazuka ghasia kule Mtwapa: umati uliwasaka watu na kuwapiga kwa uvumi tu kwamba wanaume wawili wangeoana. Tangu hapo tukaanza kumtazama kijana yule kwa jicho la pembeni. Sauti yake, mwendo wake, kazi yake, vyote vikawa ushahidi. Neno "shoga", ambalo wanawake wa pwani huitana kwa mapenzi, kwake likawa jiwe la kurushiwa. Ndoo yake ikasukumwa nje ya foleni, nguo zake zikaangushwa kambani. Mwisho ikaandikwa barua kwa mwenye nyumba, kutaka afukuzwe. Nami niliitia sahihi.

Agosti ukaingia mwezi wa Ramadhani. Siku ya kwanza, kabla ya adhana ya magharibi, kijana alipeleka kila chumba sahani ya kaimati iliyofunikwa kawa. Nilimwambia mke wangu airudishe. Zikarudi sahani nne, moja baada ya nyingine, naye akazipokea mlangoni pasi na neno.

Ya tano haikurudi. Nyanya wa chumba cha mbele aliifuturia mbele ya macho yetu, akaiosha, akaijaza mbaazi za nazi, akampelekea mwenyewe. Alipopita ukumbini alisema, "Sahani ya jirani hairudi tupu, wala hairudi na chakula chake. Nyinyi mmefunga matumbo, ndimi mmeziachia."

Usiku ule usingizi ulinipaa. Kiasi cha saa nane nikasikia maji uani. Alikuwa yeye, akijaza ndoo gizani. Nikafahamu kwamba kwa miezi mingi alikuwa akiamka saa hiyo asikutane nasi.

Nikamwuliza, "Mdogo wangu, haya yasemwayo ni kweli?" Nilitaraji atakana, nipate kumtetea kwa urahisi.

Akajibu, "Ni kweli, kaka. Lakini sikuja hapa kuomba ruhusa ya kuwa nilivyo. Nilikuja kupanga chumba."

Hapo ndipo ulipoanza mtihani wangu. Lau angalikuwa amesingiziwa, ningalimtaka radhi yakaisha. Sasa ilinibidi nijiulize: je, haki ya jirani ni ya yule tunayemridhia tu? Surat An-Nisaa, aya ya 36, yatuamrisha wema kwa jirani wa karibu na wa mbali. Surat Al-Hujurat, aya ya 12, yatukataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Nasi tulikuwa tumeyatenda yote matatu, tena tukiwa na saumu.

Asubuhi nilikwenda kwa mwenye nyumba nikaomba jina langu lifutwe. Wawili wengine wakafuata, barua ikafa. Mpangaji mmoja alihama kwa hasira.

Wako watakaoitaja sheria. Ni kweli kwamba tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu vya sheria ya jinai vinavyokataza kitendo hicho. Lakini Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, ndani ya Ramadhani ile ile, yampa kila mtu heshima ya utu wake na faragha ya nyumba yake. Hakuna sheria iliyompa mpangaji kazi ya hakimu.

Mimi si sheikh, wala sikuja kutoa fatwa. Nasema ya uani kwetu tu. Kijana yule aliishi nasi miaka minne zaidi. Hatukuafikiana kwa kila jambo, naye hakututaka tuafikiane. Lakini sahani zilikwenda na kurudi zimejaa, naye akawa anachota maji mchana, kama sisi sote.